Fedha za Kufundisha Vijana Kutunza Vitu vya Makumbusho

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vyenye makumbusho ya kijiji, au vinavyofikiria kuyaanzisha



Nimeombwa kuzungumza juu ya fedha za wafadhili za kufundisha vijana kazi ya makumbusho. Najua wengi mlitarajia nianze na jengo, maana karibu kila kikundi kina mchoro wa jengo ndani ya faili. Jengo nitaligusa kidogo tu. Leo nataka tumfikirie mtu, yaani yule kijana atakayekaa na vibuyu, vigoda, ngozi na shanga mlizokusanya, avijue kimoja kimoja, avitunze, na mgeni akija amwonyeshe bila kuviharibu.

Kwa nini mtu kwanza? Kwa sababu vitu vyetu vingi vinaharibikia ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli. Kigoda kimewekwa sakafuni, kimeegemezwa ukutani. Mvua ikinyesha ukuta unavuta maji, mchwa wanapanda, na baada ya miaka miwili mguu mmoja umebaki ganda tu. Mkoba wa ngozi umetundikwa karibu na dirisha ili wageni wauone vizuri. Jua limeukausha hata ukiukunja unapasuka. Tena kuna ile tabia ya kupaka vitu mafuta ya kupikia ili ving'ae siku ya mgeni rasmi. Vinang'aa kweli, halafu vumbi linanata na mende wanakuja kula.

Hayo yote kijana anaweza kufundishwa ayazuie, na si elimu ya kutisha. Anafundishwa kuinua vitu kutoka sakafuni na kuviweka mbali na ukuta. Anafundishwa kubeba chungu kwa mikono miwili, akikishika chini, si kwa mdomo wake. Akiona unga mwembamba chini ya kitu cha mbao, ajue yumo mdudu anayetoboa, akitenge kile kitu upesi kabla mdudu hajahamia vingine. Penye umeme, kitu kama hicho hufungwa vizuri ndani ya plastiki, kikatiwa kwenye friza kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, na wadudu hufa bila dawa. Dawa ni jambo la kuogopa. Makumbusho mengi ya zamani ya Ulaya na Marekani yalitia vitu vyao aseniki, na baadaye DDT, na mpaka leo wafanyakazi huvaa glavu wanapovishika. Basi mtu akiwashauri mnyunyizie dawa ya kupe au ya mahindi, kataeni.

Kazi ya pili ni daftari, na hapa nataka tukae kidogo.

Kila kitu hupewa namba. Namba haiandikwi moja kwa moja juu ya mbao. Huandikwa juu ya tabaka jembamba la vanishi safi inayoweza kutolewa, au kwenye kipande cha kitambaa kinachofungwa kwa uzi wa pamba. Kisha kwenye daftari kunaandikwa ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, vipimo vyake, nyufa na alama zake, kimetoka kwa nani, lini, na kwa masharti gani. Halafu kinapigwa picha.

Picha ina maana gani? Waulizeni watu wa Pwani. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru wa Wagiriama akiwa na vigango viwili vya ndugu zake waliofariki. Kigango, kwa wasiojua, ni nguzo ya mbao iliyochongwa kwa ukumbusho wa marehemu, na ikishasimamishwa haiondolewi. Muda si mrefu vigango vile vikaibiwa. Mzee akalia avipate, akafariki hajaviona. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, mtafiti mwingine, Linda Giles, alikuwa akionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho moja ya Illinois. Udvardy akakitambua kimoja! Cha pili kilikuja kupatikana Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Mwaka 2007 familia ikakabidhiwa vyote viwili. Kuna vigango vingine vingi sana vilivyouzwa huko ambavyo hakuna anayeweza kusema vilitoka boma gani, kwa sababu hakuna aliyeviandika.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa mfadhili yeyote ni hili: daftari, picha na sauti za wazee zilizorekodiwa zibaki kijijini. Mwanafunzi akitaka nakala kwa masomo yake, apewe. Asije akamaliza mafunzo, akaenda zake na kompyuta, na kikundi kikabaki na vitu visivyo na majina. Kuorodhesha peke yake ni kazi kubwa, msiidharau. Mradi mmoja ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa la Kenya kutafuta vitu vyetu vilivyoko ng'ambo uliorodhesha zaidi ya 32,000. Hiyo ilikuwa kazi ya kuandika tu, hata kabla ya kuomba kimoja kirudi.

Sasa, je, fedha za namna hii zimewahi kuzaa kitu? Zimezaa. Katika miaka ya 1990 Sultan Somjee, aliyekuwa akisimamia idara ya vitu vya makabila katika Makumbusho ya Taifa, alipata msaada wa Mennonite Central Committee, shirika la makanisa ya Kimenno. Msaada ule haukujenga majumba. Ulisaidia vijana wa makabila mbalimbali warudi kwao wakawaulize wazee ni vitu gani vilitumika kupatanisha watu: fimbo, miti, mishipi. Kwa Wapokot na Wakalenjin walisikia juu ya leketyo, mshipi wa mwanamke mjamzito, ambao mama akiuweka kati ya wanaopigana, vita husimama. Katika kazi ile ndimo yalimozaliwa makumbusho ya amani ya vijijini, mengine yakianzia ndani ya chumba kimoja. Hata kule Lari, ambako mauaji ya Machi 1953 yaliwagawanya majirani kwa miaka mingi, watu wa pande zote mbili walikutana wakaanzisha makumbusho yao mwaka 2001.

Nataja hilo pia kwa sababu wako Wakristo wenzetu wanaosema vitu vya wazee ni vya giza na kikundi cha kanisa kisiviguse. Mimi naona mshipi uliozuia damu kumwagika hauwezi kuwa aibu kwa kanisa. Wenye maoni mengine nitawasikiliza wakati wa maswali.

Mfano mwingine ni ule mpango wa ICCROM, shirika la mataifa lenye makao Roma, uliojulikana kama PREMA. Ulifundisha wafanyakazi wa makumbusho ya Afrika mpaka mwaka 2000, na kazi ikaendelezwa na shirika lililoanzishwa Mombasa mwaka uo huo. Uzuri wa mpango ule ni kwamba waliofaulu katika kozi moja waliitwa kusaidia kufundisha kozi iliyofuata. Igeni hilo. Andikeni ndani ya ombi lenu kwamba kijana wa mwaka wa kwanza atamfundisha wa mwaka wa pili.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo maombi mengi huanguka. Watu huandika karo, nauli na vifaa, wakasahau posho. Tuseme mna vijana wawili, siku tatu kwa wiki, wiki 24, shilingi 500 kwa siku kila mmoja. Hiyo ni shilingi 72,000. Mkiiacha mkidhani mfadhili atafurahi kuona bajeti ndogo, matokeo yake ni kwamba anayebaki kwenye mafunzo ni mtoto wa mwenye duka. Yule binti wa mjane, ambaye pengine ndiye mwenye jicho kali kuliko wote, wiki ya tatu amerudi kuchuma majani chai, kwa kuwa nyumbani wanataka kula.

Mtaulizwa pia mchango wenu. Msiseme hatuna kitu. Chumba ni mchango. Rafu za fundi wenu ni mchango. Mzee anayekaa asubuhi nzima akieleza kibuyu kilitumika vipi amefundisha kama mwalimu wa chuo, basi saa zake ziandikwe na zipewe thamani.

Na mnamchagua nani? Hapa msinichukie. Tumeona mahali nafasi zinagawanywa na kamati kwa watoto wa kamati. Tangazeni nafasi kanisani, msikitini, sokoni na kwa chifu, na watu wasio na mtoto anayeomba ndio wafanye usaili. Kijana akipatikana, aandikiane na kikundi mkataba mwepesi, kwa mfano mwaka mmoja wa kazi nyumbani baada ya mafunzo. Mkiandika miaka mitano atakimbia, na sioni wa kumlaumu. Mafunzo yenyewe yasiwe yote mjini. Akae mwezi mmoja katika makumbusho makubwa aone kazi, miezi iliyobaki ajifunze kwa vitu vyenu wenyewe, na mwalimu ndiye asafiri.

Kuna jambo ambalo mwaka 2025 ulitufundisha sote. Machi ya mwaka ule rais wa Marekani alitoa amri ya kubana kabisa ofisi ya serikali yao inayosaidia makumbusho na maktaba, na misaada mingi iliyokwisha kuahidiwa ikakatizwa katikati. Ikiwa makumbusho ya Marekani yenyewe yalipatwa na hilo, sembuse sisi? Pangeni kazi kwa vipande. Miezi miwili ya kwanza iishe na daftari kamili. Miwili inayofuata iishe na rafu zilizopangwa. Fedha zikikatika njiani, kile kipande kilichokwisha kinabaki na faida yake.

La mwisho ni habari ya nani aone vitu. Wafadhili hupenda sana neno hilo. Watawauliza watu wangapi watafikiwa. Jibuni, lakini wazee wakae kwanza. Kuna vitu vya kuonyesha kila mtu, hata watoto wa shule wavishike, na msisahau wasioona, ambao kwao kushika ndiko kuona. Kuna vitu ambavyo aliyevitoa alisema visionwe na watu wa rika fulani, au visipigwe picha za kutangazwa. Na kuna familia iliyotoa kigoda cha babu, ambayo siku ya harusi itataka kukiazima. Mwanafunzi hawezi kuamua mambo hayo, wala mfadhili. Yaamuliwe kikaoni, yaandikwe kwenye daftari mbele ya namba ya kila kitu, kisha ombi liseme wazi: tutaonyesha hivi, na hivi hatutaonyesha. Mfadhili mwenye akili ataheshimu. Asiyeheshimu, mwacheni aende na fedha zake.

Lile jengo sasa. Subirini kijana amalize mwaka. Yeye ndiye atakayewaambia madirisha yawe upande gani, na pengine atasema kile chumba cha nyuma ya ofisi kikizibwa nyufa na kupata dari kinatosha.

Kabla ya kikao kijacho, kila kikundi kichague vitu kumi, kiandike kila kimoja kilitoka kwa nani. Msiandike ombi lolote kabla ya hapo. Mwenyekiti, ningependa tuanze maswali na kina mama, kwa sababu vibuyu vingi nilivyoviona pale mezani ni vyao.