Mafua Yanapona, UKIMWI Je?

(Mazungumzo na wanafunzi wa klabu ya afya ya shule ya sekondari)

Kwenye sanduku lenu la maswali nimekuta karatasi hii: "Mimi ni mzima, nacheza mpira, hata mafua makali hayanilazi wiki. Je, mwili wangu hauwezi kuvishinda virusi vya UKIMWI?" Aliyeuliza asione haya. Wengi mnajiuliza hivyo hivyo kimoyomoyo.

Tuanze na mafua makali, yaani influenza. Mmefundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Kweli. Lakini kabla askari hawajafika, seli iliyovamiwa hujilinda yenyewe. Vipi?

Seli zako hutengeneza RNA inayobeba maagizo ya kuunda protini. Ncha ya RNA hiyo hufunikwa, na wanasayansi huita kifuniko hicho kofia. Sasa, RNA ya kirusi cha influenza huingia bila kofia! Ndani ya seli kuna protini iitwayo RIG-I, ambayo kazi yake watafiti wa Japani waliieleza mwaka 2004. Ikikutana na RNA ya namna hiyo, inajua huyu si wetu. Hapo seli hutoa interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Interferoni huzionya seli za jirani. Nazo hujiandaa kukatakata RNA ya kirusi na kusimamisha uundaji wa protini, kirusi kikose pa kuzaliania.

Ile homa, uchovu na maumivu ya misuli, kwa sehemu kubwa ni dalili za vita hivyo. Antibiotiki hapa hazisaidii kitu, maana huua bakteria, siyo virusi. Lakini usibahatishe: ukipata homa, nenda ukapime malaria.

Haya, virusi vya UKIMWI navyo ni vya RNA. Mbona havikamatwi? Kwa sababu RNA yake ilitengenezwa ndani ya seli ya binadamu mwingine, kwa hiyo inakuja imevaa kofia kama ya kwetu! Kisha hunakiliwa kuwa DNA na kujichomeka kwenye DNA yako, ndani ya kiini cha seli. Na seli zinazovamiwa ni za askari wenyewe. Mwili hujitahidi, lakini kwa kawaida hauwezi kuving'oa. Hata dawa za ARV huvifubaza tu, ingawa anayezitumia vizuri anaweza kuishi miaka mingi.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeuliza, mpira endelea nao, unajenga afya. Ila kushinda mafua si cheti cha kushinda UKIMWI. Ulinzi wa huku uko kwenye uamuzi wako: kusubiri, au kutumia kondomu kila mara, na kupima. Ukiambiwa "wewe una nguvu, huwezi kupata", kumbuka ile kofia.

Haya, nani ana swali?