Ukingo wa Mshazari Katika Mfarishi wa Viraka



Leo napenda kusema juu ya mfarishi wa viraka, yaani kifuniko cha kitanda kinachoshonwa kwa vipande vya kitenge vinavyobaki kwa mafundi. Kushona si kazi ngeni kwetu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa katika mwaka wa 1952, kushona kulikuwa miongoni mwa mafunzo yake.

Mshonaji akiisimamisha miraba yake kwa pembe, kandokando hubaki mapengo ya pembetatu. Hapo ndipo kazi ya majuma mengi huharibika. Sababu ni hii: kitambaa kina nyuzi za mtande na za mshindio. Ukikivuta kwa kufuata nyuzi hizo, hakinyumbuki sana. Ukikivuta mshazari, hurefuka na kupoteza umbo. Basi ukingo wa mshazari ukikaa nje, mfarishi hujikunja kama mawimbi, na mnunuzi hutaka kupunguziwa bei.

Dawa yake imo katika kukata. Tuseme mraba wako ukiisha kushonwa ni wa inchi 12, na mshono ni robo inchi. Kwa pembetatu za kando, kata mraba wa inchi 18 na robo, kisha uugawe kwa mishazari miwili, upate pembetatu nne. Upande mrefu wa kila moja utafuata nyuzi, nao ndio utakaokaa nje. Kwa pembe nne za mfarishi, kata miraba miwili ya inchi 9 na nusu, kila mmoja uugawe kwa mshazari mmoja tu. Hapa pande fupi ndizo zifuatazo nyuzi, nazo zikae nje. Ziada kidogo utaipunguza mwishoni.

Lakini mshazari haukutoweka. Umeingia ndani ya mshono. Kwa hiyo piga bandi kwanza. Weka pembetatu chini, upande wa meno ya chereheni, wala usiivute. Pasi nayo uishushe na kuiinua, usiiburure.

Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi kuwa kizima. Kabla ya kushika mkasi, tazama kwanza nyuzi zinaelekea wapi.