Mashini Imezimwa, Mkono Uko Ndani

Maneno ya mfanyakazi wa mradi mbele ya wanachama na wasagaji, Wamaza



Niliombwa niongee juu ya usalama wa mashini. Karatasi ndefu nilikuwa nayo tayari, lakini tangu kijana wetu apoteze vidole viwili nimeiweka kando. Yeye mwenyewe yuko hapa, amekaa pale nyuma karibu na mlango. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina lake nisilitaje.

Mliporudi kutoka porini na kutoka kwa jamaa waliowapokea, wamama waliomba mashini kabla ya kitu kingine. Tunajua sababu. Kutwanga muhogo na mpunga kwa mchi kunakula nusu ya siku, na shamba lililoachwa miaka linataka ile nusu nyingine. Kwa hiyo siku ya kusaga, mstari wa mabeseni unafika mpaka barabarani, na kila mmoja anaangalia jua.

Ile siku mukanda ulitoka kwenye puli. Moteri ikazimwa. Kijana wetu akashika mukanda kwa mkono wa kuume, akaanza kuurudisha. Ulikuwa umekaza, haukubali. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa ukuta, kule kwenye moteri. Akapiga kelele: "Ngoja nikusaidie kidogo!" Akazungusha gurudumu zito la moteri kwa mkono. Mukanda ukapanda, ukaingia sawasawa mahali pake, na vidole vikaingia pamoja nao. Halafu ile safari ya pikipiki mpaka Kasongo, na wakati wa mvua mnaijua njia yetu.

Nilipofika kesho yake, watu watatu waliniambia neno moja: "Lakini mashini ilikuwa imekufa!" Ndugu zangu, haikuwa imekufa. Ilikuwa imenyamaza tu.

Nieleze kidogo. Moteri ya mazutu haina cheche ya kuiwasha. Inabana hewa ndani ya silinda mpaka hewa inakuwa ya moto sana, na huo moto ndio unaowasha mazutu. Ukizungusha gurudumu kwa mkono, unabana ile hewa. Ukiliachia katikati, hewa inasukuma, gurudumu linarudi nyuma kwa nguvu kama mbuzi aliyevutwa kamba. Na kama moteri bado ina joto na njia ya mazutu haijafungwa, inaweza hata kupiga yenyewe. Kwa hiyo kuzungusha mukanda wakati kidole kiko kwenye puli ni hatari, hata kama hakuna moshi wala sauti.

Kitu cha pili ni zile nyundo ndani ya kinu. Zikiwa kazini zinazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Ukizima moteri hazisimami palepale. Nimeona msagaji anafungua kifuniko ili atoe unga ulioganda wakati nyundo bado zinapita. Ni kweli zinapita polepole. Lakini chuma kizito kinachopita polepole kinavunja mfupa vilevile. Ngoja, usikilize mpaka sauti iishe, kisha tazama puli kwa macho yako. Ikiwa imesimama, ibane kwa kipande cha mbao kabla ya kufungua.

Sasa mukanda wenyewe. Haurudishwi kwa kulazimishwa. Legeza bolti za moteri, isogeze karibu na kinu, mukanda utaingia bila ugomvi. Kisha uurudishe moteri nyuma mpaka mukanda ukaze. Inachukua labda robo saa. Najua, robo saa mbele ya mabeseni arobaini ni ndefu, na wamama, nisameheni, nanyi mna sehemu yenu hapa: msipige kelele wakati mtu anatengeneza.

Kuna waliosema katika kikao cha komite kwamba mfuko wetu wa musaada usilipe hospitali, juu ya kijana alifanya uzembe. Mimi sikubali, na nitasema wazi, hata wafadhili wasome. Ukuta ule uliowatenganisha wale vijana wawili, nani aliuchora? Sisi wa mradi. Tulitaka moshi usiingie kwenye unga, jambo jema, lakini hatukufikiri kwamba mwenye kushika moteri hatamwona mwenye kushika kinu. Tulileta mashini, hatukuleta kizuizi cha kufunika mukanda. Tuliwafundisha wasagaji kuwasha, kuzima na kuandika daftari. Namna ya kutengeneza bila kuumia hatukufundisha hata saa moja. Kisha tunawalipa kwa beseni, kwa hiyo kila dakika ya matengenezo inawatoa chakula mdomoni. Ukimwita mtu kama huyo mzembe, angalia kwanza nani alimpangia kazi.

Marafiki fulani wameuliza kama watume glavu. Asanteni, lakini hapana, si kwa kazi hii. Glavu ikishikwa na kitu kinachozunguka inavuta mkono mzima. Vivyo hivyo kitambaa cha kupangusia, na mikono mirefu ya shati. Glavu nzuri ina kazi yake mashini ikiwa imesimama na kubanwa, wakati wa kutoa chujio, kwa sababu chujio lililochakaa lina kingo zinazokata kama wembe. Hata hapo utumie pia akili na ufunguo: vuta ufunguo kuelekea kwako, usiusukume. Bolti yenye kutu ikiachia ghafla wakati unasukuma, vifundo vya vidole vinaenda kupiga chuma. Na jeraha la namna hiyo, hata dogo, lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha uende kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda.

Huko Marekani tangu 1989 kuna sheria kwa viwanda: anayetengeneza mashini anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo unakaa kwake. Wakiwa watano, makufuli ni matano. Bosi hawezi kuwasha mpaka wa mwisho atoe la kwake. Siye hatuna swichi ya kufunga. Lakini tuna manivela. Moteri yetu haiwaki bila manivela, basi hiyo ndiyo kufuli yetu. Anayeingiza mkono aichukue mwenyewe, aifungie kiunoni kwa kamba au aikanyage chini ya mguu wake. Asimwachie mwenzake, wala mdogo wake, wala mimi. Afunge njia ya mazutu kwanza. Na mtu yeyote asiguse gurudumu la moteri mpaka mwenye manivela amesema kwa sauti yake: "Mikono iko inje."

Naiomba komite mambo matatu leo, si mwezi ujao. Ukuta ule ukatwe dirisha kubwa. Fundi wa hapa atuchomee kizuizi cha mukanda; wavu na vyuma vya pembe vinapatikana Kasongo. Na msagaji alipwe kitu kidogo kwa saa ya matengenezo, ili asikimbize mkono wake.

Kijana wetu anasema anataka kurudi kazini, na kwamba atakuwa yeye wa kuwafundisha wengine kurudisha mukanda. Mimi naunga mkono. Kabla ya chakula twende wote pale kwenye mashini. Ataanza yeye, na kamba ya manivela nimekuja nayo.