Jua Limeshuka Bei, Jioni Bado



Nianze na bei, kwa kuwa bei ndiyo iliyopindua mambo yote. Seli ya silikoni iliyoonyeshwa na maabara za Bell, Marekani, mwaka 1954 iligeuza asilimia 6 hivi ya mwanga kuwa umeme, na gharama yake ilifaa satelaiti, si nyumba ya mtu. Mwaka 2008 paneli bado iliuzwa karibu dola 4 kwa wati moja. Kufikia 2024 wati hiyohiyo ilitoka kiwandani China kwa senti 10 hivi za dola. China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji, kuanzia silikoni ghafi hadi paneli iliyokwisha kutiwa fremu, na imejenga viwanda vingi kuliko mahitaji ya dunia. Wenye viwanda wanauza kwa hasara. Huko ni kilio. Kwingine watu wanapanda juu ya mapaa. Pakistan peke yake iliagiza paneli za takribani gigawati 17 mwaka huo wa 2024, na wanunuzi wengi walikuwa watu binafsi na wenye viwanda waliochoshwa na bili.

Kwa hiyo ile hoja ya kwamba sola ni ghali tuiache ipumzike. Ugumu haujaisha, ila umehama. Umetoka kwenye paneli, ukaenda kwenye lebo, kwenye deni, na zaidi ya yote kwenye saa 1 ya jioni.

Tuchukue lebo kwanza, na kwa hili nimekuja na futikamba. Paneli hii hapa mezani imeandikwa mgongoni wati 300, volti 12. Napima: urefu mita 1, upana sentimita 67. Eneo lake ni mita za mraba 0.67. Sasa, jua la saa 6 mchana, anga ikiwa safi, hutupatia takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za madukani siku hizi hugeuza asilimia 20 hadi 22. Tuwe wakarimu, tuipe 22. Tunapata wati 147. Zile 153 zilizobaki ni wino. Fundi hahitaji hata futi: anaitoa juani na kupima ampea. Wati 300 za kweli kwa paneli ya volti 12 ni ampea 16 na zaidi, za kuunguza fyuzi ya mita ya kawaida. Hii inasoma 7. Naona mafundi mnacheka, mmeshakutana nayo.

Udanganyifu huu si wa jana. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris, akiwa na Mark Hankins aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, alifunga paneli katika sekondari ya Karamugi, Meru. Walimu na wakulima wa kahawa wakaona, wakanunua kwa fedha zao, aghalabu ili waangalie televisheni ndogo isiyo na rangi. Hivyo ndivyo Kenya ilivyopata soko la sola lililokua kwa mifuko ya wananchi, karibu bila ruzuku. Lakini vipimo vya mwaka 1999 vilionyesha kwamba baadhi ya chapa za paneli ndogo zilizopendwa sana zilitoa pungufu kabisa ya kilichoandikwa. Matokeo yakatangazwa, hali ikatengemaa. Miaka mitano hivi baadaye vipimo vikarudiwa, ikakutwa chapa nyingine mbovu imeingia. Nalisisitiza hili kwa sababu tunapenda kudhani ubora ukishasimamiwa mara moja unabaki. Haubaki. Kukagua bandarini tu hakutoshi. Mkaguzi aingie dukani bila kujitambulisha, anunue, apime, atangaze majina.

Na hata paneli ya haki huonewa na paa. Uwezo ulioandikwa hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25 za joto. Ibandike moja kwa moja juu ya mabati ya Dodoma mchana, seli itapanda kupita nyuzi 60, na kila nyuzi inayozidi huondoa karibu asilimia 0.3 hadi 0.4. Hesabu inafika zaidi ya asilimia 10, imepotea kwa kukosa upenyo wa hewa chini ya paneli. Tawi la mwembe likitia kivuli kwenye kona moja, hasara inaweza kuzidi hiyo. Haya hayahitaji shahada. Yanahitaji fundi aliyefundishwa na anayelipwa kurudi kuangalia kazi yake.

Kuhusu deni nitasema kwa ufupi. Afrika Mashariki iliiongoza dunia hapa: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na miaka michache baadaye M-KOPA na wenzake wakaunganisha malipo ya simu na kisanduku kinachojifunga usipolipa. Taa ikaingia kwenye nyumba ambazo benki isingezigusa. Ila kampuni hizi zilijikuta zimebeba kazi nne kwa mpigo: kuagiza, kusambaza, kutengeneza na kukopesha. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, ilifilisika mwaka 2019 ikanunuliwa na ENGIE. M-KOPA leo inakopesha simu janja kwa wingi. Siwalaumu, biashara ni hesabu. Lakini tukubali kwamba kilichokuwa kikiuzwa ni mkopo, na mwanga ulikuwa dhamana yake. Ndiyo maana mtu hulipa hadi shilingi ya mwisho, kisha betri inakufa mwezi unaofuata na hana wa kumpigia.

Sasa jioni, ambako nataka tukae zaidi.

Kilele cha matumizi ya umeme katika nchi zetu ni kati ya saa 1 na saa 4 usiku: taa zimewaka, televisheni imewashwa, pasi iko moto. Saa hizo kituo cha sola cha Garissa, Kenya, chenye zaidi ya megawati 50 tangu kizinduliwe Desemba 2019, kinatoa sifuri. Wapinzani wa sola hufika hapa wakatabasamu. Mimi naona wamesimama mapema.

Tazameni Rufiji, Tanzania. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Mwaka 2024 mitambo ya kwanza ilipoanza, wengine walisema: basi, sola ya nini tena, umeme tunao wa kumwaga. Nadhani ni kinyume chake. Maji yaliyoko nyuma ya ukuta ule ni akiba. Kila saa ya mchana ambayo sola inabeba mzigo, mitambo inaweza kupunguzwa na maji yakabaki bwawani yakisubiri jioni. Hakuna betri ya kununua, ukuta umeshajengwa. Na mwaka wa ukame, kama ile miaka iliyotuletea mgao, mvua zinaposhindwa kwa kawaida jua huwa halikosekani. Mradi wa sola wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, huko Kishapu, Shinyanga, umepangiwa megawati 150, ukianza na 50. Tuumalize, tujenge na mingine kama huo, hasa kanda zilizo mbali na Rufiji, ambako umeme hupotea njiani kabla ya kumfikia mteja.

Kinachonitia hofu kwenye gridi ni fedha. Kiwanda kikifunga paneli juu ya ghala lake, mchana hakinunui umeme wa shirika. Jioni kinarudi na kuukuta ukikisubiri. Shirika linapaswa kuweka mitambo, nyaya na mafundi kwa ajili ya jioni ile, huku mauzo ya mchana yamekwenda. Gharama ya nguzo inawaangukia waliobaki, na waliobaki ni wapangaji wa chumba kimoja wasio na paa la kufunga chochote. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2024 za kumruhusu mwenye paneli kuingiza ziada yake kwenye gridi na kurejeshewa sehemu. Ni hatua njema, lakini swali la nani analipia nguzo bado liko wazi.

Njia mojawapo ni bei inayofuata saa. Tangu Desemba 2017 Kenya huwapa wenye viwanda punguzo la usiku wa manane, kwa sababu mvuke wa jotoardhi wa Olkaria haulali na wateja wamelala. Ilikuwa akili nzuri kwa wakati wake. Sola ikiongezeka, saa ya umeme wa bei rahisi itahamia mchana, na ratiba ya bei inapaswa kuhama nayo. Mashine za kusaga, pampu za umwagiliaji na viwanda vya barafu kwenye mialo ya samaki vyote vinaweza kufanya kazi mchana vikiona faida. Barafu ikishaganda saa 8 mchana, jioni haihitaji umeme mwingi.

Nimalizie na betri zilizokufa. Kwa miaka mingi sola ya nyumbani imetegemea betri za risasi na asidi, ambazo ukizikamua kupita nusu kila siku hazimalizi miaka mingi. Betri hizo hupata mnunuzi upesi, maana risasi ina bei. Swali ni nani anaiyeyusha, na wapi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi. Mwanaharakati Phyllis Omido akasimama nao, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Betri zile nyingi zilitoka kwenye magari, lakini risasi ni ileile, na za sola hufuata njia hiyohiyo ya mkokoteni wa vyuma chakavu.

Betri za lithiamu na fosfeti ya chuma sasa zinazifukuza zile za zamani: hudumu zaidi, hazina risasi. Zina kasoro moja ambayo sisikii ikisemwa. Zikifa hazina thamani ya kumvuta mnunuzi wa chakavu. Zitabaki uvunguni au zitachomwa jalalani, na moshi wake ni sumu. Napendekeza mnunuzi aache amana kidogo dukani, arudishiwe akileta betri mfu, na muagizaji awajibike kuzikusanya kabla ya kupewa kibali kingine. Namna ya kuzichambua hapahapa nchini kwa gharama inayovumilika bado hatunayo. Wanafunzi wa uhandisi kemikali mliokaa nyuma, hiyo ni kazi yenu, na mlango wa maabara yangu uko wazi kuanzia Jumatatu.