Sheria Kali Bila Mikono Safi

Sote hapa kisiwani twaijua kesi ya ndugu wawili wa Akasha. Walikamatwa Mombasa mwaka 2014, wakapelekwa New York 2017. Walikiri njama ya kuingiza heroini na methamfetamini Marekani. Baktash alipewa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Mbona hukumu itoke ng'ambo? Sheria yetu ya 1994 iliweka hata kifungo cha maisha. Ukali ulikuwapo. Lakini walikiri pia kuwahonga maofisa wa hapa ili wasipelekwe.

Basi wazazi wa Mji wa Kale, tusiishie kumlaumu teja kibarazani. Yeye tumpeleke akatibiwe. Hongo nayo, hata ya shilingi mia, tuikatae.