Bahari ya Minamata na Mizani ya Serikali



Mmetutaka tuseme juu ya taka za viwanda, na vipi serikali yenye sheria mkononi huweza kunyamaza na huku raia wake wanalishwa sumu. Tutakwenda Japani, katika mji wa Minamata, kwa wavuvi ambao kitoweo chao, kama chetu, kilikuwa ni bahari.

Huko kampuni ya Chisso ilianza mwaka 1932 kutengeneza asetaldehidi, dawa itumikayo katika kazi za plastiki, na kuitengeneza kwake kulitaka zebaki. Maji ya taka yakamwagwa ghubani, zebaki ikaingia katika samaki na kombe, na watu wakala. Paka ndio waliotangulia: walizunguka kama wenye wazimu mpaka wakafa. Kisha wakafuata watoto. Tarehe 1 Mei, 1956, daktari mkuu wa hospitali ya kampuni yenyewe, Hosokawa Hajime, akawaarifu wakuu wa afya ya kwamba pameingia maradhi yasiyojulikana.

Sasa sikilizeni mizani ilivyoshikwa. Mwaka 1957 wakuu wa jimbo la Kumamoto waliuliza Tokyo kama sheria ya usafi wa vyakula yaweza kuzuia samaki wa ghuba ile. Jawabu ikaja kwamba haiwezekani, kwa kuwa hapana hakika ya kwamba samaki wote wa ghuba wana sumu. Sisi wenye maduka twajua: mkaguzi akiona wadudu katika gunia moja la unga hangoji kuyafungua yote. Lakini gunia ni la muuza duka. Bomba la taka lilikuwa la kampuni kubwa.

Mwaka 1958 zikatungwa sheria mbili za kuhifadhi maji na kuzuia taka za viwanda. Sheria hizo zilitaka pawepo masikilizano baina ya kazi za uchumi, tena zilishika pale tu serikali ilipopataja kwa jina. Minamata haikutajwa.

Novemba 1959 baraza la wataalamu wa Wizara ya Afya likatoa rai kwamba chanzo ni zebaki. Kamati iliyochunguza ikavunjwa siku ya pili yake! Wizara ya Biashara na Viwanda ilikuwa na sauti zaidi, kwani nchi ilikuwa mbioni kujenga uchumi, na viwanda vingi vilitegemea asetaldehidi. Na mwezi huo huo meya wa mji, wenye biashara na vyama vya wafanya kazi walimwendea mkuu wa jimbo kumwomba asiyasimamishe maji ya kiwanda. Linatuuma sisi wenye maduka kulisema, walakini ndivyo ilivyokuwa: mishahara ya kiwanda ndiyo iliyonunua bidhaa zao. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ikawapa wagonjwa fedha ya pole, kwa sharti kwamba hata ikithibitika baadaye kuwa kiwanda ndicho chenye kosa, wasidai zaidi. Maskini mwenye mgonjwa ndani atakataa vipi?

Zebaki ikaendelea kumwagwa mpaka Mei 1968, kampuni ilipoiacha kazi ile. Septemba ya mwaka huo serikali ikakiri. Yaani sumu ilitambuliwa pale ilipokuwa haimpi mtu faida tena. Sheria za 1958 zikafika Minamata mwaka 1969.

Mwaka 2004 Mahkama Kuu Kabisa ya Japani ilihukumu kwamba serikali na jimbo walikuwa na uwezo wa kuzuia tangu mwanzo wa 1960, na wana makosa kwa kutozuia.

Tarehe 1 Mei, 2024, Waziri wa Mazingira alikutana na wagonjwa huko huko Minamata. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Mzee mmoja alikuwa akisimulia kifo cha mkewe. Dakika tatu zikapita, maofisa wa wizara wakazima kipaza sauti. Baada ya wiki moja Waziri akarudi kuomba radhi.