Nani Alibadilisha Hesabu?

Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya akiba na vijana wa darasa la kompyuta, katika ukumbi wa parokia, Eastleigh. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

Nashukuru mmefika, ingawa najua First Avenue leo haipitiki hata kwa miguu.

Nimeombwa nizungumze juu ya Git. Naona akina mama wengine wanatazamana. Si neno. Mara ya kwanza kulisikia mimi nilidhani ni kampuni mpya ya matatu. Nilisomea diploma ya kazi za jamii, sikusomea kompyuta. Nitakayosema nimefundishwa na vijana hawa hawa, na nikikosea watanirekebisha mbele yenu.

Kwanza niwaeleze kwa nini jambo hili limenigusa. Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na kikundi cha akina mama 22 hapa Section III. Waliweka akiba kila wiki na kukopeshana. Hesabu zilikuwa kwa daftari, halafu kijana mmoja wa saiba akawasaidia kuziingiza kwa kompyuta. Tukafurahi, tukasema sasa tumeendelea. Karani alikuwa na nakala kwa flashi yake na mweka hazina alikuwa na yake, kila mmoja akiandika kivyake. Faili ya kwanza iliitwa HESABU. Ikaja HESABU MPYA, halafu HESABU MPYA 2, halafu HESABU YA MWISHO, na wiki iliyofuata HESABU YA MWISHO KABISA. Mnacheka, lakini wengi wenu mna faili za namna hiyo sasa hivi kwa simu zenu.

Mwezi wa Desemba, siku ya kugawana, nakala mbili zikatofautiana kwa shilingi 14,300. Ya karani ilidai pesa nyingi kuliko zilizokuwa kwa sanduku. Niliitwa kusuluhisha. Nikatazama tarehe za faili, nikaona ya karani ndiyo ya baadaye, nikasema: basi, hii ya baadaye ndiyo sahihi. Kwa neno langu hilo mweka hazina akawa mwizi. Hakuna aliyemwita hivyo usoni siku ile, lakini kwa foleni ya maji jina lilikuwa limeshapatikana. Kabla ya Pasaka alikuwa amehama na watoto wake.

Ilipita karibu miaka miwili. Siku moja tukipanga makaratasi tukapata risiti za malipo ya mikopo ya wiki ile. Risiti zilikuwa mbili tu, lakini kwa faili ya karani mistari ilikuwa minne. Mweka hazina alikuwa ameandika malipo hayo kwa majina ya wanachama, karani akaandika yale yale kwa namba za wanachama, kisha faili zikaunganishwa kwa kunakili na kubandika. Pesa moja ikahesabiwa mara mbili. Zile 14,300 hazikuibiwa kwa sababu hazikuwahi kuwepo.

Nilipanda matatu mpaka alikohamia nikamweleza. Alinisikiliza, akanipa chai, akasema, "Mwalimu, pesa mmezipata. Na jina langu?" Kikundi kilimwandikia barua ya kumwomba radhi. Hakurudi.

Sasa tuje kwa kompyuta. Programu ya kompyuta ni maandishi tu, mistari maelfu kwa maelfu, na mara nyingi huandikwa na watu wengi. Huyu anabadilisha hapa, yule anabadilisha pale, na kesho kitu kimeharibika na hakuna anayejua nani aligusa nini. Shida ni ile ile ya Section III, na watengenezaji wa programu walianza kuitafutia dawa zamani. Mwaka wa 1972, huko Marekani, Marc Rochkind wa maabara za Bell alitengeneza chombo cha kutunza kila badiliko la maandishi. Mwaka wa 1986 mwalimu wa chuo kikuu huko Amsterdam, Dick Grune, alitengeneza kingine kilichoitwa CVS. Sababu yake inanifurahisha. Alikuwa na wanafunzi wawili katika kazi moja: mmoja alifanya kazi saa za ofisi, mwingine hakuwa na saa maalumu, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Hawakuweza kukaa meza moja. Kama hicho si kikundi cha Eastleigh, sijui ni nini.

Git yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi. Mnajua Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Ni kazi ya wazi: yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Kuanzia mwaka wa 2002 mabadiliko ya Linux yalitunzwa kwa programu ya kampuni moja, BitKeeper, iliyotolewa bure kwao lakini kwa masharti. Wengine walinung'unika: kwa nini kazi ya wazi itunzwe katika kabati ambalo ufunguo wake anao mwingine? Mwaka wa 2005 ilitokea kutoelewana. Mtaalamu mmoja alikuwa anajaribu kutengeneza chombo chake cha kuzungumza na BitKeeper, na kampuni ikaondoa ruhusa ya bure. Nguo ya kuazima, wazee mnajua methali inavyomalizika, na hapa tuko parokiani.

Torvalds akaanza kuandika chombo chake mwezi wa Aprili 2005. Kwa siku chache tu Git ilikuwa inatunza historia yake yenyewe. Mwezi wa Juni toleo la Linux likatoka likiwa limetunzwa ndani yake, na Julai akamkabidhi kazi Junio Hamano, ambaye ndiye msimamizi tangu wakati huo. Watu wa nchi nyingi humtumia marekebisho kwa barua pepe. Kila rekebisho husomwa na wenzake, hubishaniwa, na pengine hurudishwa mara tatu nne. Na anayetuma huandika jina lake chini kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Vijana, sikieni hapo: hakuna anayeuliza una digrii gani, lakini hakuna kinachopokelewa bila kusomwa.

Jambo hili la ruhusa lisitupite haraka. Sisi wenyewe tulipewa na wafadhili fulani programu nzuri ya hesabu, leseni ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha na mradi wao ukaisha. Tukafungua kompyuta, ikatuambia tulipe. Vitabu vyetu wenyewe vilikuwa ndani na sisi tuko nje! Leseni ya Git ni ya namna nyingine. Unaitumia, unaifungua uone ilivyotengenezwa, unaibadilisha, unampa jirani. Sharti ni kwamba ukigawa uliyoibadilisha, umpe mwenzako uhuru ule ule uliopewa wewe. Hakuna atakayekuja ukumbini hapa kutuambia mwaka umekwisha.

Inafanyaje kazi? Nitasema nilivyoelewa. Kila mwenye ghala la Git ana nakala kamili, pamoja na historia yote tangu ukurasa wa kwanza. Stima ikipotea, intaneti ikikatika, unaendelea kuandika kwako, na mnaweza hata kupelekeana kazi kwa flashi. Ukimaliza kuandika unaweka alama ambayo vijana wanaiita komiti. Si kamati, wazee, msiogope, hakuna posho ya kikao. Komiti ina jina la aliyeandika, tarehe na saa, na maelezo mafupi ya sababu: "Nimeingiza malipo ya mwanachama namba 7, risiti ya tarehe 12."

Kila komiti hupewa namba ya herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake pamoja na namba ya komiti iliyotangulia. Akina mama wenye daftari mtaelewa haraka kuliko hawa vijana. Si mnabeba salio kutoka ukurasa mmoja kwenda ukurasa unaofuata? Mtu akifuta tarakimu moja ukurasa wa 12, salio la 13 halikubali, la 14 halikubali, mpaka mwisho. Ndivyo ilivyo. Mtu anaweza kubadilisha historia katika nakala yake, lakini namba zote zinazofuata zitabadilika, na wenzake wenye nakala zao wakilinganisha wataona.

Tena mmezoea jambo hili kwa M-Pesa tangu 2007. Unatuma pesa: wewe unapata ujumbe, mwenzako anapata ujumbe, namba ni moja. Ukikosea na pesa zikarudishwa, ujumbe wa kwanza haufutiki, unakuja mwingine juu yake. Kosa linabaki na masahihisho yake yanabaki.

Lakini jambo lililonikalia moyoni ni hili. Watu wawili wakiandika maneno tofauti mahali pamoja kwa faili moja, halafu wakataka kuunganisha, Git haichagui. Haisemi ya baadaye ndiyo sahihi. Inasimama, inaweka maandishi ya huyu na ya yule, moja chini ya jingine, na kungoja binadamu waamue. Siku ile ya Desemba ingetuwekea mistari miwili ya karani na miwili ya mweka hazina mbele ya macho yetu. Mtu angesema, "Hebu leteni risiti." Kazi ingekuwa ya dakika kumi. Mimi niliamua kwa tarehe ya faili.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta mwaka wa 2001, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wagonjwa wa Ukimwi walipoongezeka, mfumo ule mdogo ukazidiwa. Kazi ya mwaka wa 2004 ikazaa OpenMRS, mfumo wa wazi ulioanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 na baadaye katika nchi nyingi, na juu yake ukajengwa KenyaEMR wa vituo vyetu vya afya. Halafu Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, Wakenya na marafiki zao waliotawanyika nchi mbalimbali walitengeneza Ushahidi kwa siku chache, ramani ya kupokea taarifa za wananchi kwa simu na intaneti. Kazi zote mbili, maandishi yake leo yako wazi katika Git. Kijana wa Mathare au California anaweza kuyasoma usiku huu, aone ni nani aliandika mstari upi na kwa sababu gani. Akiona kosa, anaweza kutuma rekebisho.

Sasa mapungufu, maana sikuja kuwauzia kitu. Jina linaloandikwa kwa komiti ni lile mtu ameiambia kompyuta yake. Hata mimi naweza kuandika jina la Mama Mwenyekiti. Kuna njia ya kutia sahihi kwa ufunguo wa siri, na vijana wamekubali kutufundisha. Pili, uongo ulioandikwa kwa jina na tarehe bado ni uongo, kwa hiyo risiti hazitupwi. Tatu, Git inapenda maandishi ya kawaida. Faili za Excel inazitunza, lakini haikuonyeshi vizuri mstari gani umebadilika. Itabidi hesabu ziandikwe mistari mistari na mikato katikati. Nimejaribu, si vigumu, ila macho yanachoka.

La nne ni zito, na hapa sikubaliani na baadhi ya vijana. Wao husema kila kitu kiwe wazi, kiwekwe intaneti. Programu, sawa. Lakini madeni ya Mama fulani si programu. Kumbukeni Git haisahau: ukiweka namba ya kitambulisho leo na kuiondoa kesho, iko bado kwa kurasa za nyuma, katika kila nakala. Tuna sheria ya kulinda data ya 2019, na hata kabla ya sheria tulikuwa na adabu. Kwa hiyo ghala la kikundi halipandi intaneti. Ndani ya faili tutaandika namba za wanachama peke yake, na orodha ya majina itabaki kwa karatasi, kwa sanduku lenye kufuli tatu.

Ninalopendekeza ni nakala tatu: ya karani, ya mweka hazina, na ya mwanachama wa kawaida anayechaguliwa kila mwaka. Vijana watufundishe lakini wasikae na nakala. Najua wengine hawapendi hilo la mwanachama wa kawaida, wanasema atatangaza. Mlizungumze leo kabla ya kuondoka, msiniachie mimi niamue.

Masomo yanaanza Jumamosi saa nane mchana, hapa hapa. Leteni madaftari ya mwaka huu tu, pamoja na risiti. Kompyuta ni nne, kwa hiyo kila kikundi kitume watu wawili. Na asiwe karani peke yake. Sasa nikae. Mama, nimeona mkono wako tangu zamani, uliza.